Jioni za kaskazi juu ya paa, Malindi, Unguja

Kama unachotafuta ni picha ya jua likizama baharini huku umeshika glasi, nenda Shangani. Kuna hoteli zimejipanga kwa kazi hiyo na zinaifanya vizuri. Paa ninalotaka kulisifu mimi liko Malindi, upande mwingine wa Mji Mkongwe, juu ya nyumba ya wageni ya ghorofa nne iliyo karibu kabisa na bandari. Kiangazi cha Desemba hadi Februari jua huzama kusini kidogo mwa magharibi, kwa hiyo ukiwa pale unaliona likiteremka kushoto kwako, upande wa Shangani, nyuma ya mabati yenye kutu ya nyumba za watu. Juni na Julai linahamia kulia, baharini wazi kati ya Bawe na Changuu, na hapo picha unaipata. Lakini mimi huenda wakati wa kaskazi. Jua na lizame linakotaka, mimi nafuata upepo.

Aliyewahi kulala Mji Mkongwe mwezi wa Januari hahitaji kuelezwa. Mchana joto linafika nyuzi 32 na zaidi, na zile kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa jua kutwa nzima, kisha huanza kulitema chumbani saa ile unayotaka kulala. Vichochoro vimebanana, upepo unapita juu ya mji bila kushuka. Dawa ni kuufuata uliko. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, inavuka Funguni, inapita juu ya makontena na milingoti, inafika mezani kwako bila kizuizi. Tusidanganyane, haina ubaridi wowote. Lakini inakausha jasho, na mbu hawapati nafasi ya kutua. Kaa meza za upande wa bandari. Zile za upande wa pili, zenye mito ya rangi rangi na taa ndogo ndogo, ambazo ndizo wanazozitangaza mtandaoni, zimekingwa na chumba cha ngazi pamoja na tangi la maji. Hewa pale imesimama, unakula huku unajipepea na menyu.

Upepo huo huo ndio unaoleta harufu ya soko la samaki na moshi wa dizeli. Nimewaona wageni wakipanda, wakanusa, wakashuka. Sina la kuwaambia. Bandari ikiwa kazini hunuka.

Na hiyo kazi ndiyo inayonipandisha. Magharibi inapokaribia, boti ya jioni kutoka Dar inaingia, safari ya saa mbili hivi, na gatini panachafuka: wachukuzi na mikokoteni yao, madereva wa teksi wakiita, mama kashika mtoto mkono huu na begi mkono ule. Kutoka juu unaona umati unavyobanwa langoni, kisha unavyomwagika barabarani na kumezwa na vichochoro. Pembeni, kwenye bandari ya majahazi, hakuna haraka. Saruji, mbao, unga na magunia ya vitunguu kutoka bara vinashuka mabegani mwa watu, juu ya ubao mmoja unaonesa kila wanapoukanyaga, na hujawahi kuona mtu akiteleza ingawa kila mara moyo unakuruka. Majahazi mengi siku hizi yana mashine, ila tanga hawajalitupa. Karne kwa karne kaskazi hii hii ilileta vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na kusi ikavirudisha kwao. Ukikaa pale ushungi unakupepea usoni, huhitaji mtembeza watalii akueleze kwa nini mji uliota hapa.

Mwanga wa mwisho wa jua huangukia jengo la Dispensari ya Kale, lile la roshani za mbao zilizochongwa ambalo tajiri Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887. Kwa dakika chache linang'aa hasa. Ukiendelea kufuata ufuo wa Mizingani kwa macho unafika usawa wa Beit al-Ajaib, na hapo macho yangu bado yanautafuta ule mnara wa saa ulioporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Wageni wa mara ya kwanza hawalijui pengo hilo, wanapiga picha na kuendelea na mazungumzo.

Halafu adhana. Misikiti ya mtaa ule imekaribiana, kwa hiyo muadhini mmoja akianza mwingine anampokea kabla hajafika katikati. Mhudumu huzima muziki bila kuambiwa na hakuna anayeletewa chakula mpaka wafanyakazi waswali. Agiza mapema au subiri kwa adabu. Machi 2025 ilipoangukia Ramadhani walikuwa wakitandika futari pale juu kwa yeyote aliyelipia: tende, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, katlesi, mkate wa kumimina. Katika yote niliyokula kwenye paa lile, hiyo futari ndiyo niliyoitamani tena.

Siku za kawaida chakula ni cha wastani. Pweza wa nazi ni mzuri, mishikaki inakuja migumu, na chipsi ni zile zile za kila mahali. Juisi ya mabungo ndiyo ya kuagiza, na kahawa chungu baada yake. Pombe hakuna. Kunguru wapo, tena wengi, na kabla giza halijaingia wana ujasiri wa kuchukua sambusa kwenye sahani yako huku unawatazama. Funika chakula.

Kitu ambacho sijaona mtu akikisema: kabla ya kuchagua tarehe, angalia mwezi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na ya mwezi wa giza, maji ya Unguja hujaa mnamo saa kumi alasiri, na tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita nne. Magharibi maji bado yamo, yanagonga ukuta, vyombo vinacheza. Ukikaa mpaka saa tatu na ushei usiku yamekwisha kutoka, na majahazi yale yale yameketi kwenye tope yameinama ubavu. Bamvua ni mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo una uchaguzi. Ukienda mwezi mpevu, utaupata ukichomoza nyuma yako upande wa Ng'ambo wakati jua linazama mbele, na paa zima halihitaji taa. Ukienda wakati wa giza, utapata dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa haina kazi penye mbalamwezi, kwa hiyo wavuvi husubiri usiku wa giza. Mara ya kwanza sikuwa na habari. Nilimwamkia mzee mlinzi aliyekuwa amepanda kupunga upepo, akaitikia marahaba, akanyoosha kidole baharini. "Leo giza, mwanangu. Usishuke bado." Baada ya isha zikaanza kuwaka moja moja, kisha upeo mzima ukawa kana kwamba kuna mji mwingine ng'ambo ya maji. Mimi ningechagua giza. Mwenzangu niliyekwenda naye anasema mwezi mpevu, na hatujaelewana mpaka leo.

Sasa malalamiko. Wakati wa kuweka chumba niliambiwa paa liko wazi mpaka usiku wa manane. Linafungwa saa nne. Nilipouliza, msimamizi akanijibu kwa upole, "Majirani wanalala, dada," na kusema kweli ana haki, kwa sababu upande wa mashariki unatazama moja kwa moja ndani ya nyua za watu, wanawake wakiwa nyumbani kwao wanapika na kuanua nguo. Wameweka ukuta wa makuti upande huo na wanaomba wageni wasichungulie wala kupiga picha. Hilo nalisifu. Lakini saa ya kufunga waiandike ukweli. Umeme ukikatika jenereta linawashwa, na mngurumo wake unapanda mpaka juu. Ngazi ni za mbao, zimesimama wima, hazina mkono wa kushikia kwenye kipande cha mwisho. Mama yangu asingeweza kupanda, na mwenye mtoto mdogo afikirie mara mbili. Ningewapa nyota tano, ya tano imebaki kwenye hizo ngazi.

Bei si mbaya kwa Mji Mkongwe. Chumba kilikuwa chini ya laki moja kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Asiyelala pale anaruhusiwa kupanda akinunua chochote, hata kahawa, na hakuna anayekuja kukusukuma uagize tena. Samaki wana bei ya mtalii hata ukiongea Kiswahili cha namna gani.

Ukipiga simu, uliza ghorofa kabla ya kuuliza kitu kingine. Vyumba vya chini vina kiyoyozi, ila jenereta liko chini ya dirisha. Vya ghorofa ya nne vina feni tu, lakini mlango wa paa uko hatua chache, na alfajiri unaweza kupanda na kikoi chako ukaangalia vyombo vya dagaa vikirudi kabla chai haijaiva. Mimi huchukua vya juu.