Seti ya kujiundia amplifaya ya valvu: transfoma safi, kijitabu cha kutiliwa shaka

Uamuzi wangu kwanza, kwa wale wasiopenda kusoma hadi chini: seti hii inunue kwa ajili ya transfoma zake. Kijitabu cha maelekezo kisome huku mita iko mkononi.

Ni amplifaya ya stirio inayotumia valvu, yaani mirija ya kioo inayokuza mawimbi ya sauti: EL84 moja ya kusukuma spika kila upande, na ECC83 moja ya kutangulia inayokuza sauti kwanza. Ndani ya kioo cha ECC83 mna triodi mbili (vikuzaji viwili vinavyojitegemea), kwa hiyo valvu hiyo moja inatosha kushoto na kulia. Hakuna bodi ya saketi. Kila rezista unailehemu mwenyewe kwenye soketi. Napenda hivyo, kwa sababu hitilafu ikizuka unaifuata waya kwa waya hadi uikamate.

Transfoma za spika ndizo zilizonifurahisha. Valvu ikifanya kazi peke yake bila mwenzake wa kupokezana nayo, mkondo mnyoofu (DC) hupita muda wote kwenye koili ya kwanza ya transfoma. Chuma cha ndani kisipoachiwa mwanya mwembamba, kinashiba usumaku na besi inakuwa ya kwanza kupotea. Wengi wanaotaka kubana gharama hubania hapo, wanakupa kichuma kidogo chenye kifuniko cha kupendeza. Hizi ni nzito hasa, na gitaa la besi nalisikia noti baada ya noti, si mngurumo mmoja tu.

Sasa kijitabu. Kwenye katodi ya EL84, sehemu inayotoa elektroni, kinataka rezista ya omu 130. Nilipopima nikakuta volti 7.6 juu yake, yaani miliampea 58 hivi. Toa kama tano zinazokwenda kwenye gridi ya pili (wavu wa ndani ya valvu), zinazobaki zidisha kwa volti 254 zilizo kati ya katodi na anodi, sehemu inayopokea elektroni: zaidi ya wati 13. Kikomo cha anodi ya EL84 ni wati 12! Itapiga muziki, ndiyo, lakini unaichosha kabla ya wakati wake. Nimeweka omu 180 na sasa inapumua kwenye wati 11 na ushee. Kwa masikio sikupoteza kitu.

Kosa la pili silisamehi. Kapasita za umeme mkubwa zinakaa na karibu volti 300, na mchoro hauna rezista yoyote ya kuzimaliza chaji. Unachomoa plagi, taa inazimika, unadhani mambo yamekwisha, kumbe kifo bado kimo ndani. Nimeongeza rezista ya kiloomu 220 yenye uwezo wa wati 2, na kapasita ya mikrofaradi 100 inaishiwa ndani ya dakika mbili hivi. Hata hivyo napima kabla ya kugusa, mkono mmoja mfukoni. Seti inayouzwa kwa wanaoanza ilipaswa kuja na rezista hiyo ndani ya boksi.

Waya za filamenti, zile zinazopasha valvu joto, kijitabu kinazichora zimelala sambamba. Zisokote pamoja na uzibane kwenye kona ya chasisi, mbali na waya za ECC83. Mvumo unapungua sana. Kutoboa chasisi hakukuwa na kazi, matundu yalikuja tayari.

Nguvu ni wati nne hivi kila upande. Kwa spika zenye usikivu (sauti zinayotoa kwa nguvu ileile) wa desibeli 90 au zaidi zinajaza sebule vizuri. Kwa spika ngumu za desibeli 84 utakunja kitufe hadi mwisho na bado utalalamika. Usiipigishe muziki bila spika kuunganishwa, maana volti za transfoma zinaweza kupanda hadi zikachoma koili. Valvu zenyewe zisikutie hofu: EL84 bado zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China, na kuzibadilisha ni kuchomoa na kuchomeka.