Fosfati kwenye tangi la matumbawe: nini ununue kwanza ukiwa Nairobi

Nilinunua dawa ya kuondoa fosfati, ile rutuba ya fosforasi inayolisha mwani, kabla sijanunua kipimo, na matumbawe yangu ndiyo yaliyolipa. Tangi langu ni la lita 250, liko sebuleni South B, na wakati huo mwani wa kijani ulikuwa umefunika mawe hadi konokono wameshindwa kuumaliza. Muuzaji mmoja wa hapa mjini akaniambia, "Mkubwa, weka kopo lote, hii inamaliza fosfati yote." Nikaweka lote. Siku ya tano maji yalikuwa yameng'aa, lakini ncha za matawi ya matumbawe zilikuwa zimegeuka nyeupe, nyama inabanduka kama rangi ya ukuta uliopigwa na unyevu. Fosfati ilikuwa imekwisha kweli, na kuisha huko ndiko kulikoyaumiza.

Kwa hiyo vitu vilivyo hapa chini nimevipanga kuanzia kile ambacho ningenunua leo kama ningeanza upya, hadi vile ambavyo ningemzuia rafiki yangu asivinunue.

Kwanza tuelewane kuhusu namba. Kwenye miamba ya baharini fosfati huwa kidogo mno, kwa kawaida chini ya 0.02 ppm (ppm 1 ni miligramu 1 katika lita ya maji). Tangini, wengi wetu tunalenga kati ya 0.03 na 0.1. Ikipanda sana, mwani unashamiri na matumbawe yanajenga mifupa yao kwa shida, kwa sababu fosfati huingilia ujengaji wa chokaa. Ikifika sifuri, matumbawe yanapauka kwa njaa, na mara nyingi hufuata dinoflajeleti, ule ute wa kahawia wenye mapovu unaoning'inia kwenye mawe na ambao ni mgumu kuuondoa kuliko mwani wowote. Unachotafuta ni kiwango kidogo kinachotulia.

Halafu tazama kopo la chakula cha samaki. Chakula kikavu kingi kina fosforasi ya takriban asilimia 1. Ina maana gramu moja ya chakula inaingiza miligramu 10 za fosforasi, na zikihesabiwa kama fosfati zinafika miligramu 30 hivi. Kwenye lita 250, hiyo peke yake inatosha kupandisha maji kwa 0.12 ppm. Kwa siku moja! Si yote inayobaki majini, maana samaki, matumbawe, bakteria na skima (chujio linalotoa uchafu kwa povu) huchukua sehemu yake, ila hesabu hiyo inaonyesha kwa nini dawa ya mara moja haiwezi kumaliza kazi. Fosfati inaingia kila unapolisha, na lazima iwe na njia ya kutoka kila siku.

Nafasi ya kwanza: kipimo

Najua hakiondoi chochote. Bado kinashika nafasi ya kwanza, tena kwa mbali.

Vifaa vya bei nafuu vya kulinganisha rangi, hasa vilivyotengenezwa kwa matangi ya maji baridi, mara nyingi huruka kutoka 0 moja kwa moja hadi 0.25. Kwa matumbawe hicho ni sawa na kupima sukari ya chai kwa debe. Kifaa cha rangi cha Salifert ni bora, kina hatua ndogo zaidi, lakini kutofautisha bluu hafifu na bluu hafifu zaidi chini ya taa ya jikoni saa mbili usiku kunahitaji macho ambayo mimi sina.

Ninachopendekeza ni kipimo cha kidijitali cha Hanna, modeli ya HI774. Kinasoma kuanzia 0.00 hadi 0.90 ppm, na kosa lake ni 0.02 hivi juu au chini, kwa hiyo kikikuambia 0.05 elewa kwamba huenda ni 0.03 au 0.07. Ukipata HI736 kwa bei nzuri, ni sawa pia, ila chenyewe kinasoma fosforasi kwa ppb (mikrogramu katika lita): zidisha kwa 3.066 kisha ugawanye kwa 1,000. Kikisema 20, fosfati yako ni 0.06.

Kukitumia kunataka utulivu. Unajaza kichupa mililita 10 za maji ya tangi, unakisoma kwanza kikiwa kitupu cha dawa, unamimina pakiti ya unga hadi chembe ya mwisho, unatikisa taratibu dakika 2, unakirudisha, unasubiri dakika 3. Shida yangu kubwa ilikuwa vidole. Siku moja kilinipa 0.21, nikashtuka, nikakifuta kichupa kwa kitambaa laini, nikakielekeza kwenye taa nikaona povu moja dogo limeng'ang'ania ukutani, nikaligonga likatoka, nikasoma tena: 0.14. Maji yalikuwa yaleyale. Tangu hapo sikishiki kichupa isipokuwa kwenye kifuniko.

Pakiti za unga huja 25 kwa boksi. Kabla ya kulipa, omba upigiwe picha ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Bidhaa hizi hutoka nje na nyingine hukaa rafuni muda mrefu kabla ya kupata mnunuzi.

Ya pili: maji unayoanzia

Huwezi kupunguza fosfati huku ukiongeza nyingine kwa ndoo. Maji ya bomba ya Nairobi hutoka sana Ndakaini, na ukikosa bomba unaletewa ya kisima kwa boza. Visima vingi vya hapa vina floraidi nyingi, na huwezi kujua vimebeba nini kingine wiki hii. Matumbawe hayastahili kubahatishiwa.

Mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia membreni inayozuia chumvi, yenye hatua ya mwisho ya resini ya kunasa zilizobaki, ile DI, ndiyo suluhisho. Kama nafasi au pesa haitoshi, anza na maduka ya kujaza maji ya kunywa mtaani kwako, ila nenda na kipima TDS (jumla ya madini yaliyoyeyuka majini), kale kakifaa kama kalamu, uchovye kabla ya kujaza mtungi. Mengine yanachuja na kupiga mwanga wa UV tu, na mengine yanarudisha madini ili maji yawe na ladha. Unataka sifuri, au karibu kabisa na sifuri. Dukani ninakojaza mimi, kijana wa zamu alishangaa mara ya kwanza, sasa ananiita mwenyewe siku wanayobadilisha membreni: "Njoo leo, iko safi."

Kubadilisha maji peke yake hakutakuokoa fosfati ikishapanda. Ukiwa na 0.30 na ubadilishe asilimia 20, unabaki na 0.24. Kufika 0.05 kwa njia hiyo kunahitaji kurudia mara nane, lita 400 kwa tangi langu, zaidi ya kilo 14 za chumvi inayoagizwa nje. Hapo hatujahesabu chakula cha wiki hizo, wala fosfati iliyojibanza ndani ya mawe ambayo huanza kutoka maji yanapokuwa safi. Wanaosafirisha maji ya bahari kutoka Mombasa kuokoa chumvi wayapime kwanza. Ya ufukweni karibu na mji huwa na rutuba yake.

Ya tatu: GFO

Hizi ni chembe za oksidi ya chuma, nyekundu-kahawia, zinazoshika fosfati na kutoiachia. Kati ya vitu vinavyoondoa fosfati moja kwa moja, hii ndiyo chaguo langu. Inafanya kazi kwa uhakika, unajua umeweka kiasi gani, na ukiona imezidi unaitoa.

Hatari yake ni ileile iliyonipata: nguvu. Anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, au hata robo kama matumbawe yako ni yale ya matawi madogomadogo. Pima baada ya siku mbili. Angalia na alkalini (kiasi cha bikaboneti majini), kwa sababu GFO nyingi kwa mkupuo huweza kuishusha, na alkalini ya juu pamoja na fosfati iliyoporomoka ndiyo mchanganyiko unaohusishwa sana na ncha kuungua.

Ioshe kabla ya kuiweka. Maji ya kwanza yanatoka mekundu kama ya mtaro wa Kiambu baada ya mvua ya Aprili. Endelea kusuuza kwa maji ya RO hadi yawe meupe, la sivyo vumbi hilo litaenda kutua juu ya matumbawe. Inafanya kazi vizuri zaidi ndani ya riakta, yaani kopo lenye kifuniko linalopitishiwa maji kwa pampu ndogo, chembe zikicheza taratibu tu juu juu. Zikichemka zinasagana na kuwa unga. Huna riakta? Mfuko wa wavu mahali maji yanapopita kwa kasi ndani ya sampu (tangi dogo la vifaa chini ya tangi kuu) utasaidia, ingawa kwa ufanisi mdogo. Kujua imechoka, pima maji yanayotoka kwenye riakta: yakilingana na ya tangi, badilisha.

Ya nne, na ninayoipenda kuliko zote: mwani

Ningeiweka juu zaidi kama kila mtu angekuwa na sampu. Mwani aina ya Chaetomorpha, unaofanana na fundo la nyuzi za kushonea, ukiwekwa kwenye chumba chake chenye taa, hula fosfati na nitrati kadiri unavyokua. Kila wiki unavuna gao moja, na fosfati iliyo ndani yake inatoka nyumbani. Kina mama wa Kibuyuni kule Kwale wanaofunga mwani kwenye kamba wanaijua tabia hii: mpe mwani mwanga na maji yenye chakula, atafanya mengine.

Gharama ni taa. Ya wati 20 ikiwaka saa 10 kila usiku inakula uniti 6 za stima kwa mwezi. Iwashe usiku, taa kubwa ikiwa imezimwa, na pH ya tangi haitashuka sana. Mwani wenyewe usinunue kwa bei ya juu. Mfugaji mwenzako anatupa mwingi kuliko unaohitaji. Uutikise ndani ya beseni la maji ya chumvi kwanza, kaa wadogo na vijidudu visivyotakiwa hujificha humo. Na tafadhali usiende kuchuma mwani au jiwe kwenye hifadhi za baharini kama Kisite au Watamu. Huko kila kitu kina mwenyewe.

Ukiona umeacha kukua ilhali fosfati bado ipo, pima nitrati. Mara nyingi utakuta imeisha.

Zilizobaki

Chembe nyeupe za oksidi ya alumini, kama PhosGuard ya Seachem, hufanya kazi haraka na huhitaji mfuko tu. Zinajaa upesi pia, na baadhi ya matumbawe laini hujikunja zinapokuwa majini. Ninaweka pakiti moja kabatini kwa dharura, mathalani samaki akifia nyuma ya mawe. Siku chache, kisha natoa.

Kloridi ya lanthanamu ni ya kimiminika na ni ya bei rahisi ukilinganisha na kiasi inachoondoa. Inagandisha fosfati kuwa unga mweupe unaopaswa kunaswa na soksi ya chujio ya maikroni 5 hadi 10. Usiponaswa, unaingia kwenye matamvua ya samaki. Nimesimama mbele ya tangi la rafiki aliyemimina bila kuizimua kwa maji: maji kama ya ukungu, na samaki wake aina ya kangaja amejibana kona akihema haraka haraka, matamvua wazi. Kwa tangi kubwa na mtu mwenye uzoefu, anayedondosha polepole juu ya soksi, ni chombo halali. Kwa tangi la sebuleni, hapana.

Ya mwisho ni kulisha bakteria kwa siki, vodka au chupa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Njia hii hupunguza nitrati zaidi kuliko fosfati, kwa kuwa bakteria hutumia naitrojeni nyingi kwa kila chembe ya fosforasi, kwa hiyo nitrati huisha fosfati ikiwa bado juu. Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi hasa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu hubeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Mombasa kwenye joto lilelile. Bakteria wakilipuka, wanakula hiyo kidogo iliyopo. Stima ikipotea saa saba za usiku na skima isimame, samaki hawatafika asubuhi. Kama huna pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, pesa ya siki inunulie hiyo.

Ukipewa riakta iliyotumika, usilipie kabla ya kufungua kifuniko na kuutoa ule mpira wa duara. Upinde kati ya vidole. Ukiona nyufa ndogo kama za tairi kuukuu, tafuta mpya wa saizi hiyo kabla hujaijaza maji, kisha iache ifanye kazi usiku mzima ndani ya beseni bafuni. Ikiamka imekauka nje, ipeleke kwenye tangi.