Kugeuza MP3 kuwa AU: SoX bado inaongoza

Ukitaka faili ya AU, aina ya zamani ya faili za sauti, ambayo programu ya zamani itaikubali, anza na SoX, programu ya kugeuza sauti. Toleo lake 14.4.2 ni la mwaka 2015, na halina vitufe wala menyu. Unaandika amri tu. Ubora wake ni kwamba inakuachia uamue kila kitu kuhusu faili inayotoka, na kwenye AU hilo ndilo linaloamua kazi nzima.

AU ilitoka Sun Microsystems, na ndani ya jina hilo moja hukaa sauti za aina nyingi: biti 16 stirio kwa Hz 44,100, au mu-law (mbinu ya kubana sauti inayotumika kwenye simu) ya biti 8, mono, kwa Hz 8,000. Apleti za Java za mwanzo, yaani programu ndogo za ndani ya kurasa za wavuti, zilicheza hii ya pili tu. Ukiandika sox wimbo.mp3 wimbo.au bila zaidi, SoX inabakiza kasi ya sampuli (hizo Hz) na chaneli za MP3. MP3 ya kawaida ya stirio itakupa takriban MB 10.6 kwa dakika, na programu ya zamani itaikataa au itatoa kelele tupu. Amri inayofaa ni hii:

sox -G wimbo.mp3 -r 8000 -c 1 -e mu-law wimbo.au

Sasa dakika moja ni baiti 480,000 tu. Angalia mahali pa -r, -c na -e: lazima vikae baada ya jina la MP3, kabla ya jina la AU. Ukivitanguliza mbele ya MP3, SoX inavichukua kuwa maelezo ya faili inayoingia. Hapo ndipo wengi hukwama.

Hiyo -G, inayozuia sauti kupita kikomo, usiiache. Muziki mwingi umerekodiwa hadi kwenye kilele, na kubadilisha kasi ya sampuli huusukuma kupita kikomo. Mawimbi hukatwa vichwa na sauti inakwaruza. SoX itakuonya kwa neno "clipped", lakini faili itakuwa imeshaandikwa.

Stirio nayo ina mtego. -c 1 huchanganya chaneli mbili kuwa moja, na kama mawimbi yake yamepishana kinyume, moja likipanda jingine likishuka, sauti ya mwimbaji hufifia au kupotea kabisa. Dawa ni kuchukua chaneli ya kushoto peke yake: ondoa -c 1, weka remix 1 mwishoni mwa amri.

Kasoro zipo. Kwenye Debian na Ubuntu, SoX haisomi MP3 mpaka uongeze libsox-fmt-mp3. Bila hiyo inalalamika "no handler for file extension". M4A, aina nyingine ya faili za sauti, haisomi. Na inafuta faili yenye jina lilelile bila kuuliza, kwa hiyo ongeza --no-clobber unapogeuza folda nzima.

FFmpeg, programu nyingine ya amri, inasoma karibu kila kitu na inauliza kabla ya kufuta. Kwa M4A ndiyo njia yenyewe: ffmpeg -i wimbo.m4a -ar 8000 -ac 1 -c:a pcm_mulaw wimbo.au. Usipotaja pcm_mulaw, inaandika biti 16.

Ukimaliza, hakiki kwa soxi wimbo.au, au fungua baiti 24 za kwanza, yaani kichwa cha faili, kwa xxd -l 24 wimbo.au. Zinaanza na 2e73 6e64, yaani ".snd". Hesabu kila baiti nne kuwa neno moja: neno la nne, 0000 0001, ni mu-law. La tano, 0000 1f40, ni Hz 8,000. La sita ni idadi ya chaneli.

Usitegemee muziki mtamu: kwa Hz 8,000 hakuna masafa yanayopita Hz 4,000, hivyo matoazi hupotea na herufi "s" hufifia. Kwa maneno ya kusemwa inatosha kabisa. Mfumo wa simu unaotaka mu-law isiyo na kichwa cha faili, upe -t ul badala ya AU, la sivyo baiti za kichwa zitasikika kama mlio mfupi mwanzoni.