Kano ya paja lako au kano ya maabara?

Mtu wa Goma, Kongo, anayesukuma chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili) akipandisha magunia ya viazi, kila hatua huivuta kano ya kisigino. Ikikatika na kuacha pengo kubwa, daktari huhitaji kitu cha kuliziba.

Anaweza kuhamisha kano ya mgonjwa mwenyewe, kwa mfano kutoka nyuma ya paja. Mwili hauikatai, na nyuzi zake tayari zimepangika, ingawa paja nalo hubaki na jeraha. Kwa mtu anayelisha watoto kwa miguu yake, mimi leo ningechagua hii.

Njia nyingine, kuotesha kano mpya maabara kutokana na seli, inanivutia sana, lakini ugumu uko kwenye umbo. Kano imesukwa kama kamba: molekuli za kolajeni, protini inayoijenga, hushikana kuwa nyuzi nyembamba, nyembamba kuwa nene, nene kuwa mafungu, zote zikielekea upande mmoja. Tena zina mikunjo midogo, na hiyo hunyooka kwanza kabla kano haijakaza. Ndiyo inayopokea mshtuko wa hatua. Seli zikiwekwa tu kwenye jeli isiyovutwa, hupanga kolajeni ovyo. Zinahitaji nyuzi sambamba za kushikilia, kisha zivutwe na kulegezwa, tena na tena, kama mguu unaotembea.