Bwana Msa kwa elfu tatu, kasoro kurasa za mwisho

Mimi nimekulia kwenye vitabu vya Willy Gamba, yule jasusi wa Elvis Musiba, kwa hiyo riwaya ya upelelezi kwangu ni bastola, magari na warembo wasioaminika. Muhammed Said Abdulla nilikuwa hata simjui. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, nilikiokota Posta, kwa wale wanaotandaza vitabu chini, kwa sababu tu nilichokifuata hakikuwepo. Muuzaji alianzia elfu tano, tukaachana elfu tatu.

Kurasa za mwanzo zilinitoa jasho. Ni Kiswahili cha Unguja hasa (kitabu kilitoka 1960, baada ya hadithi kushinda shindano la East African Literature Bureau), na sisi wa bara kuna maneno yanatupita. Halafu huyo Bwana Msa, mpelelezi mwenyewe, hakimbii wala hapigi mtu. Anavuta kiko na kuuliza maswali. Nikasema, huyu atamkamata nani?

Lakini maiti ya Bwana Ali imekutwa mzimuni, watu wanatetemeka, na yeye hababaishwi na habari za mizimu. Anataka kujua nani alikuwa wapi, saa ngapi. Hapo akaninasa. Swahiba wake Najum anaona yaleyale na bado haambulii kitu, nami nilikuwa naye bega kwa bega.

Aliyekimiliki kabla yangu alikuwa akiwapigia mstari wa penseli wote anaowashuku. Mwanzoni iliniudhi, baadaye tukawa tunashindana. Mmoja alimzungushia duara mara mbili, pembeni kaandika "huyu!"

Ijumaa usiku Bwana Msa ameshaanza kufumbua fumbo (na akianza kueleza, anaeleza kweli, hapo angepunguza kidogo), nafunua ukurasa, nakutana na jalada. Majani ya mwisho yamenyofoka! Kesho yake nikarudi Posta. Kijana akanitazama: "Si ulikikagua mwenyewe, kaka?" Kweli, nilikagua jalada.

Wiki nzima nilikuwa nawaza wauaji hadi kazini. Mwisho rafiki yangu mwalimu akasema anacho. Nilizisoma kurasa zile nimesimama mlangoni kwake, mkewe ananikaribisha ndani, sisikii.

Wa penseli alikosea. Na mimi pia, tena vibaya kuliko yeye.

Sasa nasaka Kisima cha Giningi, kitabu kingine cha Bwana Msa. Safari hii naanza kukagua nyuma.