Ziara ya Wittenberg: mlango ulipewa saa nzima, picha ya madhabahuni dakika tano

Wittenberg ni mji mdogo wa Ujerumani unaofikika kwa treni ya kasi kutoka Berlin kwa muda usiotimia saa moja, na ziara niliyoilipia huko, kwa kampuni ambayo sitaitaja, ilikuwa ya nusu siku kwa miguu. Nilikwenda nikiwa Mlutheri niliyefundishwa katika kipaimara kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, lakini niliyekua nikishuka moyo kila Jumapili yaliposomwa majina ya waliochelewesha ahadi zao za sadaka, kana kwamba neema nayo ina marejesho ya kila mwezi.

Mwongozaji wetu alitumia karibu saa nzima mbele ya mlango wa Kanisa la Ngome, unaohusishwa na hoja 95 za tarehe 31 Oktoba 1517, ambazo mtawa Martin Luther aliziandika kupinga uuzaji wa vyeti vya msamaha wa adhabu ya dhambi. Mlango wa mbao wa wakati huo uliteketea kwa moto mwaka 1760, na huu wa shaba nyeusi, wenye hoja hizo kwa Kilatini, uliwekwa mwaka 1858. Kwa hiyo watu hupiga picha kitu ambacho Luther hakupata kukiona. Lililonisikitisha zaidi ni kwamba hatukuambiwa lolote kuhusu masalia ya watakatifu ambayo Frederick, mtawala wa Saksonia, aliyakusanya ndani ya kanisa hilohilo. Orodha iliyochapishwa mwaka 1509 ilitaja vipande 5,005, na kila kipande kilikuwa na hesabu yake ya siku ambazo muumini aliyekitazama na kutoa sadaka angepunguziwa adhabu ya toharani, yaani mahali pa kutakaswa baada ya kifo. Bila kuijua hesabu hiyo, mgeni hawezi kuelewa kwa nini Luther, mtawa aliyekuwa akijitesa kwa kufunga, kukesha na kuungama alikuja kupinga biashara ya vyeti vya msamaha.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Kanisa la Mtakatifu Maria, ambako Luther alihubiri mara nyingi, na hapo tulipewa dakika tano tu. Kwa maoni yangu, picha za madhabahu zilizotoka katika karakana ya mchoraji Lucas Cranach, zilizowekwa mwaka 1547, ndizo pekee zinazostahili nauli yote. Katika ubao wa chini Luther amesimama mimbarani upande wa kulia, mkono mmoja juu ya Biblia na mwingine ukielekeza katikati, alipo Kristo msalabani, huku waumini wakiwa upande wa kushoto. Sakafu ni tupu na ukuta ni mtupu: hakuna sanduku la sadaka, hakuna daftari la majina, na hata mhubiri mwenyewe amesogezwa pembeni. Nimesikia mahubiri mengi juu ya Waefeso 2:8, kwamba tumeokolewa kwa neema, lakini sikuwahi kuiona nafasi ile tupu, ambamo msikilizaji hana cha kuleta.

Sitaki kusifu kupita kiasi. Katika ubao mwingine wa madhabahu hiyohiyo, Bugenhagen, mchungaji wa kanisa hilo, ameshika funguo mbili, za kuondoa dhambi na za kuifunga. Mtu mmoja amepiga magoti akiondolewa dhambi, na mwingine anaondoka akiwa amefungwa mikono, nami nilimtazama huyo wa pili kwa muda mrefu zaidi, maana nilimfahamu. Nje ya kanisa, juu ukutani, kuna sanamu ya kale ya kuwakashifu Wayahudi, na chini yake bamba la kumbukumbu lililowekwa mwaka 1988. Ziara yetu ilipita hapo kimya, na hilo nalihesabu kuwa kosa.

Kwa ziara natoa nyota mbili kati ya tano, na ninashauri uende peke yako. Wenzangu walipokwenda kunywa kahawa, nilirudi nikakaa kiti cha mbele, karibu na ule ubao wa chini, hata treni niliyokusudia kurudi nayo Berlin ikanipita, nikapanda iliyofuata.