Kupeleka intaneti ya waya chumba cha mbali: nunua nini kwanza

Nyumba zetu ni tofali na zege, waifai inafika chumba cha tatu imeshachoka, banda la uani ndo usiseme. Kama kuna kompyuta ya kazi, gemu au kamera huko, vuta waya. Napanga kuanzia kile ambacho mimi ningenunua kwanza.

Namba moja ni kebo yenyewe ya mtandao, wala hapa hakuna mjadala, aina zake za kawaida ni Cat5e na Cat6. Cat6 ya shaba tupu inabeba gigabiti moja mpaka mita 100, na Cat5e vilevile, kwa hiyo kama hela imebana chukua Cat5e usijione mnyonge, manake zile gigabiti 10 za Cat6 zinaishia mita 55 hivi na intaneti ya nyumbani haifiki huko. Watu wanapigwa kwenye CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba juu, boksi la mita 305 kwa bei ya kutupa. Kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani rudisha, zinakatika kirahisi na ukipitishia umeme wa kamera zinapata moto. Inapopita juani chukua ya nje yenye ganda jeusi, na usiiweke paipu moja na nyaya za umeme hata fundi akwambie haina shida. Akimaliza kubana vichwa mwambie apime nyuzi zote nane mbele yako, zikishika nne tu unabaki na megabiti 100 afu unailaumu kampuni ya intaneti bure.

Ila kama chumba ni jengo jingine kabisa, hasa kanda ya ziwa, Mwanza, Kisumu, Kampala, ambako radi si mchezo, hapo faiba, yaani kebo ya uzi wa kioo inayopitisha mwanga, inapanda juu ya shaba. Ikiwa haina waya wa chuma ndani haipitishi umeme, kwa hiyo radi haina njia ya kupitia humo kwenda kuunguza ruta. Nunua iliyofungwa vichwa tayari na midia konveta mbili zinazoendana, vile viboksi vya kuunganisha faiba na waya wa kawaida kila upande, kuunga faiba kunataka mashine na mtu wa kumlipa.

Ya tatu ni pawalaini, zile adapta mbili zinazopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Ni ya mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kusikia drili. Zichomeke ukutani moja kwa moja, ekstensheni inaua spidi, na ile namba kubwa kwenye boksi isahau, utapata kipande tu, tena friji au pampu ikiwaka inaweza kuyumba. Banda likiwa na LUKU yake, yaani mita yake ya umeme, usihangaike. Mimi ningenunua duka linalokubali kurudisha tu, kwa sababu huwezi kujua nyaya za nyumba yako zikoje mpaka ujaribu.

Ekstenda, kile kifaa cha kurefusha waifai, yenye tundu la waya (LAN) ni ya mwisho, unachomeka waya ndo, lakini katikati bado ni waifai ileile uliyokuwa unaikimbia.

Kuna na MoCA, adapta za kupitisha intaneti kwenye kebo za koaksi, Wamarekani wanaisifia sana kwa sababu nyumba zao nyingi zina kebo hizo za TV vyumbani. Yetu inatoka kwenye dishi inaenda kwenye king'amuzi basi, na masafa ya MoCA yanagongana na ya dishi, kwa hiyo hata ukizikuta zimeshushwa bei we pita.